Aliyelelewa Kituoni: Alama Isiyoonekana na Swali la "Wewe ni wa Nani?"

Siku moja nilimsindikiza rafiki yangu hospitali. Dirishani alipewa fomu ya kawaida kabisa: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu. Alijaza harakaharaka mpaka akafika kwenye mstari ulioandikwa "ndugu wa karibu", na mbele yake "uhusiano". Kalamu ikasimama. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu na watu walishaanza kuguna. Akaigeuza ile karatasi, akaangalia upande wa pili kana kwamba jibu lingekuwa huko, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nikuandike wewe?"

Rafiki yangu alilelewa katika kituo cha kulelea watoto tangu akiwa na miaka minne hadi alipofikisha 18. Leo ni mhasibu, anajitegemea, na ukikutana naye hutaona chochote cha kukufanya uulize. Tulifahamiana miaka sita kabla hajaniambia. Nilipotaka kujua kwa nini alinyamaza muda wote huo, alisema alishachoka kuona sura za watu zikibadilika.

Makala hii inahusu hiyo sura inayobadilika. Kila inapotokea habari ya kituo cha watoto, iwe ya kufungwa kwake, ya unyanyasaji ndani yake au ya kijana wa kituoni aliyefanikiwa, mjadala hupamba moto, na maneno huchanganywa mno: yatima, mtoto wa mtaani, mtoto wa kambo, mtoto wa kuasili, mtoto wa kituo. Wengi huona ni mtu yuleyule mwenye majina matano. Sivyo, na mchanganyo huo si kosa dogo la lugha, kwa sababu hukumu nyingi potofu zimejificha humo.

Tuanze na maneno yenyewe

Malezi mbadala ni malezi anayopata mtoto pale ambapo wazazi wake hawawezi kumlea, au imeonekana si salama kwake kuendelea kukaa nao. Aina ni kadhaa. Kuna kituo, au makao ya watoto, ambako watoto wengi huishi pamoja na walezi hufanya kazi kwa zamu. Kuna malezi ya kambo, ambapo familia nyingine humpokea mtoto nyumbani kwake kwa muda, chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Kuna kulelewa na ndugu, yaani bibi, shangazi au mjomba, ambayo ndiyo njia kongwe kuliko zote na mara nyingi haiandikwi popote. Kuasili ni jambo tofauti: hapo mtoto huwa wa familia ile kisheria, moja kwa moja. Mtoto wa malezi ya kambo anaweza kuambiwa kesho afungashe nguo. Aliyeasiliwa hahamishwi.

(Neno "kambo" lenyewe tayari limebeba mzigo. Tangu utotoni tumesikia hadithi za mama wa kambo mkatili, kwa hiyo mtoto hufika kwenye familia mpya akiwa na hofu ya neno kabla hajamwona mtu.)

Neno la pili ni unyanyapaa. Wagiriki wa kale walikuwa na desturi ya kuchoma au kukata alama kwenye mwili wa mtumwa, mhalifu au msaliti, ili kila atakayemwona ajue ni mtu wa kuepukwa. Chapa hiyo ndiyo asili ya neno "stigma" linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya. Mwaka 1963 mwanasosholojia Erving Goffman alieleza kwamba siku hizi alama si lazima iwe mwilini. Inatosha watu wajue jambo moja juu yako, na jambo hilo limeze mengine yote. Ulikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda mpira. Sasa umekuwa "yule wa kituoni".

La tatu ni utambulisho. Kwa maneno rahisi, ni majibu ya maswali matatu: mimi ni nani, ni wa nani, na nimetoka wapi. Tunapenda kudhani mtu hujijibu mwenyewe. Ukweli ni kwamba nusu ya majibu hayo tunapewa na wengine, na nusu iliyobaki haina nguvu mpaka wengine waikubali.

Yai mfukoni

Goffman alitenganisha watu wa aina mbili. Wapo ambao alama yao inaonekana mara moja, na kazi yao ni kupambana na macho ya watu. Wapo pia ambao alama yao imefichika, na kazi yao ni kulinda habari: nani ajue, nani asijue, lini, na kwa kiasi gani. Aliyelelewa kituoni yuko katika kundi hili la pili.

Fikiria mtu aliyepanda basi lililojaa akiwa na yai mfukoni. Amesimama kama abiria wengine, amelipa nauli kama wengine, anapiga soga kama wengine. Lakini kila basi linapofunga breki, wenzake wanashika bomba na yeye anashika mfuko. Wakishuka, wenzake wamechoka kwa safari. Yeye amechoka kwa safari na kwa yai.

Breki zenyewe ni mambo madogo ambayo wewe na mimi hatuyaoni. "Likizo hii unakwenda nyumbani?" "Mama yako hajambo?" "Una picha yako ya utotoni tuweke kwenye kadi ya sherehe?" Kukutana na wazazi wa mchumba. Mwalimu kuwaambia wanafunzi wachore mti wa ukoo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo, kila swali linamlazimisha kuchagua palepale kati ya kudanganya, kukwepa au kueleza maisha yake yote kwa mtu aliyetaka mazungumzo mepesi tu. Rafiki yangu aliniambia kwamba kazini kwake kwa kwanza alimbuni mama. Alimpa mama huyo jina, kazi na hata ugonjwa wa miguu. Baada ya mwaka mmoja ikabidi aandike kwenye daftari aliyokwisha kuyasema juu yake, asije akajichanganya.

Watu wanaposikia habari za namna hii husema, "Basi angesema ukweli tu, kwani kuna aibu gani?" Swali hilo lingekuwa la haki kama ukweli ungepokelewa kama ukweli. Haupokelewi hivyo. Unapokelewa pamoja na mambo mengine matatu au manne ambayo msikilizaji anayaongeza mwenyewe kichwani.

Nyongeza ya kwanza: "maskini, yatima"

Watu wengi wanaamini kwamba kituo ni nyumba ya waliofiwa na wazazi wote. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba watoto wasiopungua wanne kati ya watano walioko kwenye vituo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wengi wamefikishwa huko na umaskini, maradhi, ulemavu ambao familia ilishindwa kuuhudumia, ukatili wa nyumbani, vita, au shule kuwa mbali na kituo kuwa karibu.

Wapo watakaouliza kuna ubaya gani kumwita mtu yatima. Ubaya ni kwamba unamuulia mzazi wake. Mtoto ambaye mama yake yu hai, ambaye labda anamwona mara mbili kwa mwaka, analazimika kukaa ndani ya hadithi ambayo mama huyo hayumo. Akisema "mama yangu yupo", swali linalofuata huwa kali kuliko la kwanza: "Sasa mbona hakukutaka?" Watoto wengi hujifunza mapema kwamba ni nafuu kuwa yatima kuliko kuwa mtoto aliyeachwa, wakamzika mzazi aliye hai ili wapate amani.

Nyongeza ya pili: "kuna kitu alifanya"

Hii huwapata zaidi wanaoingia kwenye malezi wakiwa wakubwa kidogo, wa miaka 10 au 13. Watu huchanganya kituo cha malezi na shule ya maadilisho. Wanadhani mtoto alipelekwa kwa sababu ya tabia yake, wakati aliondolewa nyumbani kwa sababu ya jambo lililofanywa na mtu mzima. Ni sawa na kumkuta mtu wodini ukamuuliza amemgonga nani, kumbe yeye ndiye aliyegongwa.

Nyongeza ya tatu: damu na malezi

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa lugha yetu wenyewe imeweka mtego. Tuna methali zisemazo "mtoto wa nyoka ni nyoka" na "maji hufuata mkondo". Tunayo pia "asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu". Methali hizi hazikutungwa kwa ajili ya watoto wa vituoni, lakini zitazame zikiwaangukia. Mbili za kwanza zinasema: damu ya wazazi walioshindwa imo ndani yake. Ya tatu inasema: hakupata malezi ya wazazi, kwa hiyo hakufunzwa. Kama alirithi kwa mzazi, ana kosa. Kama hakukaa na mzazi, ana kosa vilevile. Mtu mwingine yeyote huhukumiwa kwa damu au kwa malezi. Huyu anahukumiwa kwa vyote viwili.

Tunajua nini hasa? Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba karibu kabisa ili kuongeza idadi ya watu, na familia zilizoelemewa zikawa zinaacha watoto kwenye taasisi za serikali. Utawala huo ulipoanguka Desemba 1989, dunia ilikuta zaidi ya watoto 100,000 katika taasisi hizo, wengine wakishinda vitandani siku nzima na mlezi mmoja akihudumia watoto wengi kupita kiasi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto 136 wa taasisi za Bucharest, wenye umri wa miezi 6 hadi 31. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwenye familia za kambo zilizotafutwa na kulipwa na mradi huo. Nusu nyingine waliendelea na huduma iliyokuwepo.

Watoto walikuwa wa asili ileile na mji uleule, wakatofautishwa na kura tu. Waliokwenda kwenye familia waliendelea vizuri zaidi katika akili, katika lugha, na katika uwezo wa kumshikamania mtu anayewajali, hasa waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili au karibu na hapo. Kwa hiyo kilichowadumaza wale waliobaki si damu. Kilikuwa ni kukosa mtu mmoja anayerudi kila siku. Na tusiugeuze utafiti huu kuwa fimbo nyingine: hausemi kwamba aliyekulia kituoni ameharibika. Unasema mazingira yana uzito kiasi gani, na kwamba yakibadilika, mtoto hubadilika pia.

Kwenye suala la uhalifu watu hupenda kunitajia takwimu. Ni kweli, katika nchi kadhaa waliopitia malezi ya ustawi wa jamii wanaonekana magerezani kwa wingi kuliko sehemu yao katika jamii. Ni kweli pia kwamba wengi wao hawajawahi kuvunja sheria yoyote. Kuna jambo jingine ambalo takwimu hizo hazilionyeshi. Mtoto wa miaka 14 akivunja sahani kwa hasira nyumbani kwao, atagombezwa, pengine atafagia vipande, na kesho yake wamesahau. Mtoto wa miaka 14 akivunja sahani kituoni, sahani hiyo ni mali ya taasisi, kuna taratibu za kuripoti, na mlezi wa zamu anaweza kupiga simu polisi. Hasira ni moja, lakini mmoja anabaki na kovu la kugombezwa na mwingine ana kumbukumbu ya polisi. Serikali ya Uingereza ililiona hilo kiasi cha kutoa mwongozo mwaka 2018 wa kupunguza kuwafanya watoto walio katika malezi kuwa wahalifu bila sababu.

Huruma nayo

Wapo wasemao wao hawanyanyapai, wanahurumia tu. Nawaamini. Lakini huruma nayo inaweza kuwa chapa.

Jifikirie ukiwa na miaka tisa. Wageni wanakuja mahali unapolala. Unaambiwa uvae nguo safi, uimbe, utabasamu. Mgeni anakupiga picha akiwa amekukumbatia, ingawa hajui jina lako, na kesho picha hiyo iko kwenye mitandao, pamoja na maneno juu ya unyonge wako. Miaka kumi na mitano baadaye, mtu anayekutafuta ili akuajiri anaikuta. Hukuulizwa ulipopigwa, na hutaulizwa sasa.

Halafu kuna deni la shukrani. Watoto wengine duniani hulishwa na wazazi wao bila kuombwa kushukuru kila mlo, na wakilalamika kwamba chakula kimekuwa kilekile wiki nzima, huonekana ni watoto wa kawaida. Aliyelelewa kituoni akilalamika anaambiwa ungekuwa wapi wewe bila sisi. Mtu akiishi hivyo miaka 14, hujifunza kwamba kuwepo kwake ni fadhila. Baadaye, akiwa mtu mzima, utamwona hawezi kuomba nyongeza ya mshahara, hawezi kusema "hapana", hawezi kurudisha nguo iliyochanika dukani. Watu watasema ni mpole. Kwa kweli bado analipa.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, ambao Baraza Kuu liliupokea Desemba 2009, unagusa jambo hili waziwazi. Unazitaka serikali, vituo na shule kuhakikisha watoto hawanyanyapaliwi wakiwa kwenye malezi wala baada ya kutoka, na kupunguza kila kinachowatambulisha kwamba ni watoto wa malezi mbadala. Maana yake halisi ni vitu vya kila siku: gari linalowapeleka shule likiwa limeandikwa jina la kituo ubavuni, viatu vinavyofanana vya watoto thelathini, mtoto kuitwa katikati ya somo kwa sababu "mtu wa ustawi amekuja". Uingereza kumekuwapo malalamiko ya miaka mingi kwamba watoto wakihamishwa, vitu vyao hutiwa kwenye mifuko ya taka kwa kukosa sanduku. Kutaka au kutotaka, mtoto anasoma ujumbe ulioko kwenye mfuko huo. Hukohuko, maofisa walizoea kuwaita watoto hao kwa herufi tatu, LAC, kifupi cha "looked after children", yaani watoto walio katika malezi. Zikisomwa pamoja, herufi hizo husikika sawa na neno la Kiingereza "lack", lenye maana ya kupungukiwa, na watoto wenyewe ndio waliosema linawachoma.

Nani anakumbuka kwa niaba yako?

Sasa tunafika kwenye kiini, na kwa maoni yangu hapa ndipo mijadala yetu huishia njiani. Tunazungumza sana juu ya chakula, vitanda na ada, na kidogo sana juu ya kumbukumbu.

Hakuna anayekumbuka siku aliyozaliwa. Unajua ulikuwa mlizi, kwamba uliogopa mbwa, kwamba neno lako la kwanza lilikuwa la ajabu, kwa sababu kuna watu wamekusimulia, wakicheka, mara mia. Aliyekulia kwenye familia moja ana maktaba ya watu. Akitaka kujua alikuwaje akiwa na miaka mitatu, anauliza.

Aliyelelewa kituoni, au aliyepitia familia nne za kambo, amekuwa na wasimuliaji walioondoka. Walezi huacha kazi, vituo hufungwa, familia huhama. Kinachobaki ni faili. Na faili huandikwa kwa lugha yake. Mama atasema, "Ulikuwa unakataa mboga wewe, unazificha chini ya kiti!" Faili litasema, "Mtoto ana changamoto ya ulaji na udanganyifu." Jambo ni lilelile, mboga ni zilezile. Wa kwanza anapata hadithi ya kuwasimulia wanawe, wa pili anapata tuhuma.

Mshairi Lemn Sissay ni mfano unaojulikana. Alizaliwa Uingereza mwaka 1967 na mama Mhabeshi aliyekuwa masomoni. Ofisa wa ustawi akampa jina jingine, Norman, na kumweka kwenye familia ya kambo. Alipokuwa na miaka 12 familia hiyo ikamrudisha, akapelekwa vituoni. Alipokaribia kuwa mtu mzima ndipo alipokabidhiwa cheti cha kuzaliwa chenye jina lake halisi, pamoja na barua ambayo mama yake aliiandika akimwomba ofisa amrudishie mwanawe. Miaka yote aliyodhani hakutakiwa, barua hiyo ilikuwa ndani ya kabati la ofisi. Alilidai faili lake lote kwa miaka mingi na akalipata mwaka 2015, mwaka uleule aliochaguliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Manchester.

Tazama kilichochukuliwa hapo. Si nyumba wala chakula. Ni jina, na ni jibu la swali "je, nilitakiwa?" Taasisi ilikuwa na jibu, mwenyewe hakuwa nalo. Ndiyo maana Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 8, unalinda haki ya mtoto kuhifadhi utambulisho wake: jina, uraia na uhusiano wa kifamilia. Ule mwongozo wa 2009 nao unataka kila mtoto aliye katika malezi mbadala awe na kitabu cha maisha yake, chenye habari, picha na vitu vya kumbukumbu vya kila hatua, kinachoandaliwa naye mwenyewe akishiriki, na kinachobaki wazi kwake maisha yake yote. Kitabu hicho si ghali. Kinataka daftari, gundi, na mtu mzima anayeona kwamba tiketi ya basi ya siku aliyohamishwa inafaa kutunzwa.

Siku ya kutimiza miaka 18

Dhana nyingine ni kwamba kituo kikishamfikisha kijana miaka 18, kazi imekwisha. Ni vijana wangapi waliokulia nyumbani ambao wakifika 18 huambiwa waondoke na wasirudi? Wengi huondoka, wakashindwa, wakarudi, wakaondoka tena. Kurudi huko ndiko kunakomfanya mtu athubutu. Nchi kadhaa zimeanza kulielewa hili: Uskoti ilipitisha sheria mwaka 2014 inayowawezesha vijana wengi kubaki walipokuwa wakilelewa hadi miaka 21, na Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, ikasogeza msaada wa mshauri kwa vijana waliotoka kwenye malezi hadi miaka 25.

Kwa upande wa utambulisho, siku hiyo ina pigo lake. Jana ulikuwa "mtoto wa kituo", jina ambalo hukulipenda. Leo hata hilo umenyang'anywa, na hakuna jingine ulilopewa.

Kujiita au kutojiita

Je, dawa ni kuificha alama vizuri zaidi, au kuitangaza? Waliolelewa kwenye mifumo hii hawakubaliani, na nadhani wana haki ya kutokubaliana.

Wapo waliochagua jina na kulishika. Nchini Australia, ripoti ya Seneti ya mwaka 2004 iliwaita "Waaustralia waliosahauliwa" watu waliopitia vituo katika karne ya 20, watoto wapatao 500,000. Tarehe 16 Novemba 2009 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi kwa niaba ya taifa. Kwa wazee waliokuwa wamewaficha hata wake na waume zao, kusikia hadithi yao ikisemwa kwa sauti na kuaminiwa kulikuwa ruhusa ya kuisema nyumbani. Uskoti, tathmini ya mfumo mzima wa malezi iliyokamilika Februari 2020 ilisikiliza watu zaidi ya 5,500, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamepitia malezi hayo wenyewe. Hawakuja kama mifano ya matatizo. Walikuja kama wajuzi.

Uingereza, tathmini ya mwaka 2022 ilipendekeza kwamba kuwa umepitia malezi ya ustawi wa jamii kutambuliwe kisheria kama hali isiyoruhusiwa kuwa sababu ya ubaguzi, sawa na rangi au ulemavu. Halmashauri nyingi zimeamua kufanya hivyo zenyewe. Lakini baadhi ya haohao waliolelewa vituoni walipinga: kwa nini niwe na kisanduku kingine cha kutiki kwenye fomu ya kazi, wakati nimetumia miaka ishirini kujitoa kwenye kisanduku hicho?

Mimi siwezi kuwaamulia. Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili zinadai kitu kimoja. Anayejitangaza na anayenyamaza wote wanataka wao ndio washike hadithi, waamue ifunguliwe lini na kwa nani. Unyanyapaa huumiza zaidi pale wengine wanapokuwa na mamlaka juu ya hadithi yako kuliko wewe mwenyewe: ofisa mwenye faili, mgeni mwenye picha, jirani mwenye methali.

Kwa hiyo mtu akikuambia alilelewa kituoni, huna haja ya kusema pole, wala hongera. Huna haja ya kuuliza wazazi wake wako wapi. Amekupa kipande alichotaka kukupa. Ukiendelea na mazungumzo kama ambavyo ungeendelea na mtu aliyekuambia alisoma shule ya bweni, atakuongezea kingine siku akipenda. Na kama wewe ni mwalimu, kazi ya mti wa ukoo inaweza kuwa "watu walionilea", kila mtoto akapata cha kuchora.

Pale dirishani, rafiki yangu hakuniandika mimi. Alifikiri kidogo, akaandika jina la mwanamke ambaye vitanda vyao vilipakana tangu wana miaka saba, na kwenye uhusiano akaandika "dada". Mhudumu aliisoma fomu, akaona majina ya ukoo hayafanani, akamtazama.

"Dada wa mama mmoja, au baba mmoja?"

"Wa chumba kimoja," akajibu.

Mhudumu alikaa kidogo na karatasi ile mkononi. Kisha akagonga muhuri, akampa kadi, akaita namba iliyofuata.